Kromu, magome au unga wa tanini: njia ipi ya kuivisha ngozi?

Swali hili huulizwa kana kwamba lina pande mbili tu, kemikali huku na vitu vya asili kule. Ukiingia kazini unakuta njia ni tatu: kromu, yaani chumvi ya metali hiyo, ndani ya pipa la kuzungusha; magome au maganda ya mbegu yanayolowekwa kwenye matangi; na unga wa tanini, yaani ile dawa ya mimea inayoivisha ngozi, uliokamuliwa kiwandani. Mbili za mwisho zote ni za mimea, lakini muda wake, vifaa vyake na namna zinavyoharibika havifanani, na anayezichanganya hununua vitu asivyovihitaji.

Vigezo vya kupimia

Kwanza, ngozi itafanya kazi gani. Kiatu kinachobandikwa soli kwa joto kali kina mahitaji yake. Mkanda, ala ya kisu au tandiko la farasi vina mengine. Pili, muda na vifaa ulivyo navyo. Tatu, maji machafu na mabaki yatakwenda wapi. Hiki ndicho kigezo kinachorukwa mara nyingi, na kwa maoni yetu ndicho kinachopaswa kuamua pale ambapo kazi ya ngozi haijaamua. Nne, makosa: yapi hutokea, na yapi hurekebishika.

Asilimia zote hapa chini ni za uzito wa ngozi iliyokwisha kutoka chokaani, kunyonyolewa na kukwanguliwa nyama. Ipime ikiwa imechujika maji. Anayepiga hesabu kwa uzito wa ngozi kavu yenye chumvi hukosea vipimo vyote vinavyofuata.

Kazi isiyobadilika, hata ukichagua nini

Kabla ya kromu au tanini, ngozi hulowekwa, hutiwa chokaa pamoja na sulfidi ya sodiamu ili manyoya yatoke, kisha chokaa huondolewa. Hatua hizi ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya uchafu wa kiwanda cha ngozi: manyoya yaliyoyeyuka, chokaa, sulfidi na chumvi ya kuhifadhia. Mtu akihama kutoka kromu kwenda kwenye mimea huku akiendelea kumwaga maji ya chokaa mtoni, amepunguza tatizo moja na kuacha kubwa zaidi lilivyo. Na tahadhari ya uhai: maji yenye sulfidi yasikutane na asidi kamwe, si tangini wala kwenye mfereji wa maji taka. Hutoa gesi inayoua, na pua huacha kuinusa kabla mtu hajajua kuwa yumo hatarini.

Kuondoa chokaa ni muhimu kwa njia zote, ila kwa mimea ni muhimu mara mbili. Salfeti ya amonia asilimia 2 hadi 3 kwenye maji ya nyuzi 30 hadi 35 hutosha kwa ngozi nyingi. Kata kipande shingoni, penye unene, udondoshee fenolftalini, dawa inayogeuka waridi ikikutana na chokaa, kwenye mkato. Ukiona waridi katikati, chokaa bado ipo. Chokaa iliyobaki ikikutana na tanini huacha mabaka ya kahawia iliyokolea na kuufanya uso wa ngozi uwe mkavu, wa kupasuka ukikunjwa.

Kromu

*Inavyofanywa.* Ngozi huanza kwenye maji ya chumvi na asidi. Weka maji asilimia 60 hadi 80 na chumvi asilimia 6 hadi 8, zungusha dakika 10, ndipo asidi ianze kuingia: fomiki asilimia 0.5, kisha salfuriki takriban asilimia 1, zote zikiwa zimezimuliwa mara kumi na kutiwa kidogo kidogo. Asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi. Chumvi haipo kwa mazoea tu: bila hiyo asidi huivimbisha ngozi hadi nyuzi zake zikalegea, na ngozi ya namna hiyo hairudi. Baada ya saa 2 au 3 pH (kipimo cha uasidi; ikishuka, asidi imezidi) iwe karibu 2.8 hadi katikati ya unene.

Hapo hutiwa salfeti ya kromu, asilimia 6 hadi 8 ya ule unga wenye takriban robo ya uzito wake kama oksidi ya kromu. Ikishapenya, pH hupandishwa taratibu kwa baikaboneti ya sodiamu takriban asilimia 1, iliyoyeyushwa na kugawanywa mara nne, kila nusu saa, hadi 3.8 au 4.0. Kupenya kunataka asidi na kushika kunataka asidi ipungue. Kazi yote ya kromu imo katika mpito huo.

*Muda na vifaa.* Siku moja, au usiku mmoja na sehemu ya mchana. Lazima pipa la kuzungusha, kipimo cha pH unachokiamini, na mtu anayejua kushika asidi.

*Ngozi inayotoka.* Buluu iliyofifia, laini, nyepesi, inayopokea rangi kali za kila aina. Haijikunji ikichemshwa. Jaribio lenyewe ni rahisi: chora umbo la kipande kwenye karatasi, kichemshe dakika 2 au 3, kirudishe juu ya mchoro. Kikirudi vilevile, imeiva. Ndiyo maana viatu vya kushinikizwa kwa joto, nguo za ngozi na makochi hutegemea kromu.

*Maji taka na mabaki.* Kwa utaratibu wa kawaida, kati ya asilimia 20 na 40 ya kromu haishiki, hubaki majini. Inaweza kuokolewa: maji ya kromu hutengwa peke yake, hutiwa oksidi ya magnesi hadi pH 8 au 9, tope likatulia, likayeyushwa tena kwa asidi ya salfuriki na kurudi kazini. Ni teknolojia ya zamani isiyo na ajabu, lakini inataka tangi la pekee na nidhamu ya kutochanganya maji. Vipande na vumbi la ngozi ya kromu visichomwe ovyo, kwa sababu moto unaweza kuigeuza kromu ya daraja la tatu kuwa ya daraja la sita, ambayo ni sumu na husababisha saratani.

Kromu hiyo ya daraja la sita haitiwi ngozini kwa makusudi. Huzaliwa baadaye, kutokana na mafuta yasiyofaa (hasa ya samaki yasiyolindwa), joto kavu, au magadi mengi wakati wa kumalizia. Umoja wa Ulaya tangu Mei 2015 hauruhusu bidhaa ya ngozi inayogusa mwili iwe nayo kiasi cha miligramu 3 kwa kilo au zaidi. Mwenye kuuza huko ajue kwamba bechi inaweza kufaulu leo, ikafeli baada ya kukaa kwenye kontena lenye joto.

*Kinachoharibika.* Kupandisha pH haraka. Kromu hushika usoni, uso ukakunjamana, mabaka ya kijani yakatokea, na katikati pakabaki peupe. Kosa hili halifutiki kwa urahisi.

*Inamfaa nani.* Mwenye soko la viatu vya kisasa, nguo au rangi kali, mwenye pipa, na ambaye maji yake yanaingia kwenye mtambo halisi wa kusafisha. Asiye na hicho cha mwisho hana njia hii, hata kama anavyo vingine vyote.

Magome na maganda kwenye matangi

*Inavyofanywa.* Tanini huishika ngozi kwa vifungo vyepesi lakini vingi mno, na huijaza. Kwa hiyo inahitajika kwa wingi: takriban asilimia 15 ya tanini halisi. Chukua ngozi za mbuzi zenye jumla ya kilo 20. Zinataka kilo 3 za tanini. Maganda ya mgunga yenye robo ya uzito wake tanini, yakitoa majini kiasi cha asilimia 60 ya hiyo, yanakupa gramu 150 kwa kilo. Unahitaji kilo 20 za maganda, yaani kilo kwa kilo. Magome makavu ya muwati, mti wa jamii ya akasia, yana tanini zaidi, mara nyingi theluthi moja ya uzito wake au kupita, hivyo yatahitajika machache.

Ponda maganda na upepete mbegu. Hazina tanini ya maana na huongeza utelezi. Magome yakatwe vipande visivyozidi sentimita moja. Maji ya nyuzi 60 hadi 70 hukamua magome vizuri; maganda ya mgunga huridhika na maji vuguvugu usiku kucha. Usichemshe. Joto la kuchemka huvunja sehemu ya tanini na kuitia rangi nzito bure. Ukiwa na mapipa matatu ya kulowekea magome, hamisha maji kwa zamu: maji mapya yapite kwanza kwenye magome yaliyochoka, kisha ya katikati, na mwisho kwenye mapya. Hapo unapata maji makali bila kutupa magome yenye tanini.

Sasa kanuni inayobeba kazi nzima: anza na maji dhaifu, maliza na makali. Kwa haidromita ya kawaida, yaani kipimo cha kuelea kinachoonyesha uzito wa maji, anza kwenye 1.010 na upande polepole. Ngozi nene humalizia kwenye 1.040 na kuendelea. Maji ya zamani yaliyokwisha kutumika, yenye uchachu wa pH 4.5 hadi 5, ndiyo bora ya kuanzia, kwa hiyo usiyamwage. Ngozi mpya ziingie humo, zigeuzwe kila baada ya saa chache siku ya kwanza, kisha mara mbili kwa siku. Maji yawe yamepoa hadi chini ya nyuzi 35 kabla ya ngozi kuingia. Ngozi mbichi hujikunja kwenye nyuzi 60 hivi, na ikiwa na asidi hujikunja mapema zaidi.

*Muda na vifaa.* Ngozi ya mbuzi wiki moja hadi mbili. Ya ng'ombe yenye milimita 2 au 3, wiki nne hadi nane. Ya soli huchukua miezi. Ile ya jadi ya gome la mwaloni hupita mwaka. Vifaa ni matangi ya mbao, plastiki au saruji iliyopakwa vizuri, fimbo za kutundikia, na haidromita. Hakuna chuma popote: wala msumari, wala ndoo, wala waya. Tanini na chuma hutengeneza wino, na doa lake ni jeusi la buluu au la kijani kutegemea mmea.

*Ngozi inayotoka.* Nzito, imara, inayoshika umbo ikilowanishwa na kufinyangwa, inayokubali mihuri na kuchongwa. Pembeni hung'arishwa zikawa laini kama kioo. Lakini hujikunja kwenye nyuzi 75 hadi 85, hunywa maji, na hubadilika rangi. Hapa mmea una neno. Muwati, mikoko na kebracho (mti wa Amerika Kusini) huelekea wekundu, na jua huuzidisha. Tara (maganda ya mti wa Amerika Kusini) na mirobalani (matunda ya mti wa Asia) hutoa ngozi nyeupe-manjano inayostahimili mwanga. Mgunga uko katikati, kahawia hafifu ikiwa maji hayakuchemshwa.

*Maji taka na mabaki.* Hakuna metali nzito, na vumbi la ngozi linaweza kuingia kwenye mboji. Ila maji yenyewe ni meusi, yana asidi, na tanini huoza polepole. Yakimwagwa kwenye kijito huwanyima samaki oksijeni, pengine kuliko maji ya kromu yenye uzito huohuo. Anayesema "ni mimea tu, mwaga" hajawahi kuyapima. Nafuu yake ni kwamba maji ya tangi yanaweza kutumika tena na tena, bechi baada ya bechi, hivyo kinachomwagwa ni kidogo. Na mti nao uhesabiwe. Maganda huokotwa, mti ukabaki. Gome likichunwa kuzunguka shina, mti hufa. Muwati wa kupandwa hukatwa na kupandwa tena, hilo halina ubaya. Magome ya mikoko tusingeyashauri kwa yeyote, hata yawe na tanini nyingi kiasi gani: pwani inayapoteza mengi kuliko ngozi inavyopata.

*Kinachoharibika.* Haraka. Ngozi ikitumbukizwa kwenye maji makali siku ya kwanza, uso hukaza na kufunga mlango. Tanini haipiti tena. Kwa nje inaonekana imeiva kabisa. Ikate shingoni kwa wembe uangalie: pembeni kahawia, katikati mstari mweupe unaong'aa kama kwato iliyolowa. Kwa uhakika zaidi, kata kipande chembamba ukiloweke kwenye siki kali au asidi ya asetiki asilimia 30. Palipo pabichi huvimba na kuwa angavu. Ngozi yenye mstari huo irudishwe kwenye maji dhaifu mara moja, na baadhi huokoka. Ikikaushwa hivyo, katikati huwa gumu kama ubao na hakuna mafuta yatakayoilainisha.

Ukungu juu ya maji hautishi sana, uondoe na ukoroge. Ukungu juu ya ngozi unatisha. Na ukaushaji huharibu kazi ya wiki nzima: jua kali huvuta tanini isiyoshika hadi usoni, uso ukawa mweusi na kupasuka. Suuza, paka mafuta usoni ikiwa ingali mbichi, tundika kivulini, na uikande ikiwa nusu-kavu.

*Inamfaa nani.* Anayetengeneza mikanda, ala, mabegi magumu na vitu vya kuchongwa, kwa kiasi kidogo, mwenye malighafi karibu na subira. Pia anayeanza: kosa katika tangi huonekana polepole, na mengi hurekebishika kabla ya kuchelewa.

Unga wa tanini kwenye pipa

*Inavyofanywa.* Ni tanini ileile, imekamuliwa na kukaushwa. Unga wa muwati huwa na tanini asilimia 60 na zaidi, kwa hiyo zile kilo 20 za ngozi za mbuzi zinahitaji kilo 5 hivi, yaani asilimia 25. Ngozi nene ya soli inakwenda hadi 35. Ngozi ikiwa na pH 4.5 hadi 5, tanguliza sintani (tanini ya kutengenezwa kwa kemikali) asilimia 3 au 4 kufungua njia, kisha unga kwa mikupuo mitatu, kila mkupuo baada ya ule uliotangulia kupenya. Maji yawe machache, asilimia 50 hivi, na pipa lizunguke polepole, mara 4 hadi 6 kwa dakika. Mwisho teremsha pH hadi 3.5 au 3.8 kwa asidi ya fomiki ili tanini ishike.

*Muda na vifaa.* Siku moja hadi mbili kwa mbuzi, mbili hadi nne kwa ng'ombe. Pipa la mbao au plastiki, lisiloonyesha chuma ndani.

*Ngozi inayotoka.* Inakaribia ya tangini, na rangi yake hutabirika kwa sababu unga una kipimo kinachojulikana. Huwa laini kidogo zaidi, kwani pipa huipigapiga. Kwa mikanda minene baadhi ya mafundi bado huona ya tangini ina mshiko bora, nasi tunakubaliana nao.

*Maji taka na mabaki.* Maji ni machache lakini makali, na ni vigumu kuyarudisha kazini kama ya tangi. Yaliyosemwa juu ya oksijeni yanahusu hapa kwa nguvu zaidi. Mboji inawezekana.

*Kinachoharibika.* Joto la msuguano. Maji yakiwa machache na pipa likiwa na kasi, nyuzi 38 hupitwa bila mtu kugundua, na uso hukunjamana. Fungua, pima, simamisha pipa kila linapopanda. Kosa la pili ni kumwaga unga wote mara moja, na matokeo yake ni yale ya tangini, ila huku hutokea kwa saa mbili.

*Inamfaa nani.* Mwenye pipa tayari anayetaka kuacha kromu bila kupoteza mwendo, na mwenye oda zinazohitaji rangi ileile kila mara.

Njia za kuchanganya

Ngozi ya kromu inayomaliziwa kwa muwati asilimia 5 hadi 10 hupata ujazo na kuchongeka kidogo, lakini isiuzwe kama ngozi ya mimea. Mnunuzi aikate: mstari wa buluu-kijivu katikati unasema kila kitu. Wanaohitaji kustahimili joto bila kromu wana njia ya tara au mirobalani ikifuatiwa na chumvi ya alumini, ambayo huvuka nyuzi 100. Si kazi ya kuanzia, maana alumini ikitiwa vibaya hukausha uso.

Uamue kwa hali yako

Ngozi itakutana na soli ya moto au maji ya kuchemka: kromu, au mimea na alumini kwa mwenye ujuzi. Huna mtambo wa maji taka: kromu iondoke mezani, na kati ya mimea chukua matangi, kwa kuwa maji yake hurudi kazini, yale machache yanayomwagwa yapitie bwawa la kutuliza lenye chokaa kidogo kabla ya kutoka.

Unauza vitu vyeupe au vya rangi hafifu vitakavyokaa dirishani: tara, si muwati. Una pipa na oda za mikanda kila mwezi: unga. Una maganda ya kuokota, ngozi chache za mbuzi na huna umeme: matangi matatu ya plastiki yatakutosha, na fedha ya kwanza inunue haidromita na karatasi za pH kabla ya kitu kingine chochote.

Na kama bado umekwama kati ya magome na unga, jaribu nusu-nusu. Anza ngozi tangini siku tatu au nne kwenye maji dhaifu ya maganda, kisha zimalizie kwenye maji yaliyoongezwa unga. Maji dhaifu yanafungua njia, unga unafupisha wiki, na gharama ya unga hupungua. Chagua ngozi moja kila bechi ya kukatwa shingoni kila jioni. Hiyo ndiyo itakayokuambia lini kuongeza ukali.